Utalii bila kiti

Mtu aliyebuni utalii wa kikundi hakuwahi kuwa na goti. Angekuwa nalo, hata moja, asingeandika ratiba ya namna tuliyokabidhiwa sisi: karatasi iliyochapwa mbele na nyuma, vituo vimebanana kuanzia saa tatu asubuhi hadi "jioni". Jioni yenyewe haikuwekewa saa. Niliitilia shaka tangu nilipoisoma, na mtaona kwa nini.

Mimi nilikuwa mlezi wa msafara. Wanafunzi wetu walipata mafunzo ya majira ya joto katika mji mdogo wa Ujerumani, chuo kikaona si vema vijana wa watu waende peke yao bila mtu mzima. Mtu mzima kwenye msafara maana yake ni mchukuzi mwenye cheo. Nilibeba nakala za bima, dawa za tumbo, na chaja za simu za watu ambao mabegi yao "yamejaa, Mwalimu". Jumamosi moja ya Juni tukapewa Berlin. Berlin nzima, mji wa watu zaidi ya milioni 3.5, tuumalize kwa siku moja, tena kwa miguu yetu wenyewe.

Kiongozi wetu alikuwa binti wa Kijerumani aliyejifunzia Kiswahili Unguja. Mwembamba, mkarimu, amevaa raba, na anatembea kwa kasi ambayo kwetu mtu akitembea hivyo majirani hutoka nje kuuliza nani amefariki. Mkononi alikuwa na kibendera cha njano juu ya fimbo. Ukiniuliza Berlin ina nini, kwanza nitakwambia ina kibendera cha njano kinachokata kona pale mbele. "Mzee wangu, upo?" aliniuliza kila tulipovuka barabara. Nilikuwapo. Miguu tu ndiyo ilikuwa bado inakuja.

Tuanze na usafiri. Treni za mji ule hazina konda wala geti, unaingia tu. Kijana wetu wa Mbagala, aliyekulia kwenye daladala za kuingilia dirishani, alisimama mlangoni na hela mkononi akitafuta wa kumpa. "Mwalimu, hawa watu wanaaminiana kiasi hiki?" Hawaaminiani hata kidogo. Wakaguzi wamo ndani, wengine wamevaa kiraia. Anaweza kuwa yule mzee anayesoma gazeti au yule dada mwenye kipini puani. Akisimama na kutoa kitambulisho, asiye na tiketi anatoa euro 60. Na tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri mashineni kabla hujapanda, la sivyo umebeba karatasi.

Mweka hazina wetu, binti mwenye uchungu na fedha za umma kuliko wengi ninaowasikia kwenye redio, akagundua kuna tiketi ya kikundi, moja kwa watu hadi 5. Ni nafuu, sikatai. Lakini nafuu hiyo inawafunga watano kamba moja siku nzima. Mmoja akitaka sumaku ya friji, wanne wanasubiri. Mmoja akibanwa, wote mmebanwa. Kituo cha Friedrichstraße, aliyeshika tiketi ya kikundi chake alibaki nje kupiga picha, mlango ukafungwa, treni ikaondoka. Wenzake wanne wakabaki ndani bila tiketi, wamesimama wima, wanamkagua abiria mmoja mmoja usoni wakijiuliza nani kati yao ni serikali. Hakuna aliyewagusa. Ila kituo kilichofuata walishuka wamekonda.

Halafu kuna taa za waenda kwa miguu. Upande wa mashariki wa Berlin taa hizo zina kijitu chenye kofia, alichokibuni mtaalamu wa usalama barabarani aitwaye Karl Peglau mwaka 1961. Nchi iliyomzaa kijitu huyo, Ujerumani Mashariki, ilikufa 1990. Yeye bado yuko kazini, na sasa anauzwa kwenye vikombe na fulana. Kijitu akiwa mwekundu, Mjerumani anasimama. Barabara ni tupu kulia, tupu kushoto, hata baiskeli hakuna, na watu wazima kumi na wawili wamesimama wanamtazama. Vijana wangu, wahitimu wa Kariakoo, hawakuelewa kinachosubiriwa. Wakavuka. Bibi mmoja mwenye mkongojo akawafokea kutoka ng'ambo, na kiongozi akatutafsiria: anasema mnawafundisha nini watoto? Tukatazama huku na huku. Mtoto hakuwapo. Lakini kwa heshima ya mtoto huyo asiyekuwapo, kuanzia hapo tulisimama kila taa, na mimi nikampenda kijitu mwekundu kuliko kitu chochote katika mji ule. Ndiye peke yake aliyeniruhusu kupumzika.

Kituo cha kwanza kikubwa kilikuwa bunge lao, lile jengo zito lenye kuba la kioo juu, kazi ya Norman Foster, lililokamilika 1999. Kuingia ni bure, ila unajiandikisha mapema kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, na mlangoni unaonyesha pasipoti. Binti yetu wa Singida hakuwa nayo. Ilikuwa hosteli, chini ya godoro, ndani ya soksi, kwa sababu mama yake alimwambia ughaibuni usitembee na pasipoti, wataiiba. Afisa wa mlangoni hana nafasi ya kumjibu mama wa Singida. Nikajitolea kubaki naye nje. Nilisikia vijana wakinong'onezana kwamba Mwalimu ana moyo. Moyo? Nilikuwa nimeona nyasi. Mbele ya bunge lile kuna uwanja mpana wa majani, na hapo nilikaa, nikavua viatu, nikalitazama kuba kwa utulivu ambao waliokuwa ndani wakizunguka hawakuupata. Waliporudi nikawauliza wameona nini. "Wabunge hawapo, Mwalimu. Leo Jumamosi."

Kutoka hapo hadi Lango la Brandenburg ni hatua chache, na ndiyo ilikuwa balaa. Watu waliokwisha kuliona kwenye simu hawana subira nalo. "Ndiyo hili?" aliuliza wa Mbagala. Ndiyo hili. Limesimama tangu 1791, lina nguzo kumi na mbili, na juu yake gari la farasi wanne linaloendeshwa na mungu wa kike mwenye mabawa. Kiongozi alitusimulia kwamba Napoleon alipoiteka Berlin mwaka 1806 aliwashusha farasi hao, akawapakia na kuwapeleka Paris. Wajerumani hawakuunda kamati ya wataalamu. Mwaka 1814, Napoleon alipoanguka, walikwenda kuwachukua wakawarudisha juu ya lango lao. Miaka minane tu. Mwenye masikio naomba aiweke akilini habari hiyo ya farasi, tutaihitaji mchana.

Sikumaliza hata kuhesabu nguzo. Kibendera kilikuwa kimeshaondoka.

Checkpoint Charlie nitaipita haraka, kama tulivyoipita. Ni mahali ambapo mwaka 1961 vifaru vya Marekani na vya Urusi vilielekezeana mizinga. Leo kuna kibanda katikati ya barabara, ukubwa wake ni ule wa kibanda cha wakala wa kutuma pesa, na watu wamepanga foleni kupiga nacho picha. Kibanda chenyewe ni cha kuigiza, kile cha asili hakipo hapo. Tulipanga foleni vilevile. Kinachobaki cha Ukuta wa Berlin, ule uliougawa mji, sehemu nyingi ni mistari miwili ya mawe iliyolazwa barabarani kuonyesha ulipopita, na vijana walishinda wakiirukaruka: mashariki, magharibi, mashariki, magharibi. Kuna watu walipigwa risasi kwa kuvuka hapo kati ya 1961 na 1989. Nililisema hilo kwa sauti, na kurukaruka kukakoma kwa muda wa taa moja nyekundu.

Chakula cha mchana kilikuwa mkate wa nyama wa Kituruki, ambao kwa Berlin ndio chipsi mayai yao, na sina malalamiko. Malalamiko yangu ni maji. Mkononi mwa wa Singida chupa ilifunguka kwa kishindo, akanywa funda moja, akaitema kistaarabu kwenye tishu. "Mwalimu, haya yameharibika." Hayajaharibika. Wenzetu hupenda maji yenye gesi, na usipotazama vizuri lebo utanunua soda isiyo na sukari wala sababu. Mnakunywa mnacheua, mnacheua mnatafuta choo, na choo cha kituoni kina geti linalodai sarafu ya euro moja, karibu shilingi elfu tatu. Kwa hela hiyo Dar es Salaam unapata sahani ya wali maharage na chenji. Mweka hazina aliitisha kikao palepale mbele ya geti. Akauliza kama kuna bei ya kikundi, watu hadi 5. Hakuna.

Lakini huyohuyo mweka hazina ndiye aliyegundua kwamba chupa tupu ya plastiki ni senti 25. Unailipa ndani ya bei unaponunua kinywaji, unarudishiwa ukiipeleka chupa kwenye mashine dukani. Kufika saa nane mchana hakuna aliyekuwa akitazama majengo tena. Macho yalikuwa kwenye mapipa. Begi langu, lile la dawa na bima, likaanza kulia kwacha kwacha. Kiongozi alituacha kwa muda, kisha akaja kutueleza polepole kwamba kuna wazee wa pale Berlin, wengine ni wastaafu, wanaoongezea kipato chao kwa chupa hizo, na watu wenye utu huziacha kando ya pipa ili mzee asiingize mkono kwenye takataka. Mweka hazina alinyamaza. Halafu akazitoa zote begini mwangu, akazipanga kando ya pipa mstari mmoja, vizibo juu. Alibaki na moja. Alisema hiyo ni ya kwake, aliinunua.

Saa tisa tukaingia Jumba la Makumbusho ya Viumbe, ambalo ratiba ililipa dakika arobaini. Msafara tulikuwa na kijana wa Lindi, mpole, asubuhi yote hakusema neno zaidi ya "asante". Ukiingia ukumbi wa kwanza, mbele yako kuna shingo. Unaifuata shingo kwa macho hadi unashika kisogo kofia isidondoke: mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini, mjusi mkubwa wa miaka milioni 150 iliyopita, kiunzi kirefu kuliko vyote vya aina yake vilivyosimamishwa duniani. Kijana alikwenda moja kwa moja kwenye maelezo, akaweka kidole juu ya neno Tendaguru, akakiacha hapo.

"Huyu ni wa kwetu," alisema.

Ni wa kwao kweli. Wajerumani walichimba kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, kuanzia 1909 hadi 1913. Nimesema Wajerumani kwa mazoea tu. Waliochimba ni mamia ya wenyeji, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani, na waliobeba ni wenyeji hao hao, mifupa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Kiunzi kilisimamishwa Berlin mwaka 1937. Tena si mnyama mmoja: mifupa ya wanyama kadhaa wa jamii moja iliunganishwa kupata huyo mmoja. Kwa hiyo pale umesimama ukoo.

Kijana akatoa simu, akampigia bibi yake Lindi kwa video. Bibi akatokea, nusu paji la uso, nusu dari. "Shikamoo bibi. Huyu hapa mjusi." Akamwonyesha mkia, mbavu, akapandisha simu hadi kwenye kichwa kule juu. Kimya. Mtandao ukakwama, ukaachia. Kisha sauti ya bibi ikatoka wazi kabisa katikati ya ukumbi:

"Mbona amekonda hivyo? Wamemchukua kwetu wakashindwa kumlisha?"

Tulicheka hadi mlinzi akaja kutazama. Kiongozi naye alielewa, akacheka mpaka akakaa sakafuni, kibendera akakilaza magotini. Basi na sisi tukakaa. Nawaambieni, msafara mzima ulikaa chini, chini ya mbavu za mjusi wa Lindi, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza siku ile tukatazama kitu. Mtu wa Singida alihesabu vidole vya miguu. Wa Mbagala akauliza moyo wa mnyama huyu ulisukumaje damu hadi kule juu, swali ambalo wataalamu nao wanahangaika nalo. Mjadala ukaanza. Arudi? Akirudi atakaa wapi, nani atalipa umeme wa kumtunza? Wabunge wa kusini wamekwisha kuuliza habari zake bungeni zaidi ya mara moja, na majibu ya serikali huwa na mambo ya gharama na utaalamu. Mmoja akasema heri abaki, huku anatunzwa. Kijana wa Lindi akajibu kwa upole uleule, "Wale farasi wa asubuhi, Paris walikuwa hawatunzwi?"

Hakuna aliyemjibu, nami mlezi sikuona haja. Farasi wa shaba miaka minane nchi ikanuna. Mifupa yetu ina zaidi ya miaka mia moja na tunaambiwa tuwe na subira ya kitaalamu.

Dakika arobaini zilipita zamani. Tulikaa hadi wakaanza kufunga saa kumi na mbili. Kwa ajili hiyo tulipoteza mnara wa televisheni, mita 368, na hakuna aliyeulilia. Tuliuona kwa chini tu, Alexanderplatz, pale ambapo mwanafunzi wetu, binti wa Unguja, alisimama ghafla mbele ya magorofa marefu ya mstari, madirisha sawasawa kama yamepigwa rula. "Maalim, hapa si Michenzani?" Ana haki. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki ndio waliosaidia Zanzibar kupanga na kujenga magorofa baada ya Mapinduzi. Alipiga picha akamtumia shangazi yake, na shangazi akauliza amerudi lini.

Kipande kirefu cha Ukuta, kilomita 1.3 za michoro kando ya mto, tulikipita tukikimbia. Ninachokumbuka ni mchoro wa wazee wawili wa siasa, Brezhnev na Honecker, wakibusiana mdomoni, na wanafunzi wote wakinigeukia mimi nieleze. Nilisema ni itifaki.

Sasa tufike kwenye hiyo "jioni". Saa mbili usiku, jua liko juu ya majengo. Berlin mwezi Juni jua huzama kama saa tatu na nusu usiku, na mtu aliyeandika ratiba alilijua hilo, sisi hatukulijua. Binti wa Unguja, aliyekuwa anasubiri Magharibi aswali, alitazama simu, akatazama mbingu, akaniuliza kama huku inafika. Nikamwelekeza kwa kiongozi. Kiongozi akanyanyua kibendera: "Jamani, bado mchana! Kimoja tu cha mwisho."

Cha mwisho kilikuwa mtaa wa Wedding, unaposhuka kituo kiitwacho Afrikanische Straße. Huko barabara zimepewa majina ya makoloni na ndoto za makoloni. Wa Unguja akapata Sansibarstraße. Wa Tanga naye akapata ya kwao, mwingine akapata Usambara. Mimi ni wa Kondoa, sikupewa hata kichochoro. Palikuwa na njia iliyoitwa Petersallee, kwa heshima ya Carl Peters, mkoloni yule ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Watu walipolalamika, mwaka 1986 wakuu wa mji walipata dawa: wakaacha kibao kilekile, wakatangaza kwamba kuanzia leo Peters anayetajwa ni mwingine, Hans Peters, mwanasheria. Nimefanya kazi kwenye ofisi nyingi na sijawahi kuona ujanja wa kiwango hicho. Mwaka 2024 ndipo wakakiondoa kabisa, na sehemu ya njia hiyo sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Kijana wetu wa Songea alisimama chini ya kibao hicho, mgongo umenyooka, akataka picha asicheke. Ilibidi irudiwe, maana wa Mbagala alipita nyuma akila embe.

Ninyi mnaopanga safari za wanafunzi, na najua mnasoma: vijana walipoandika ripoti zao, kila mmoja alijaza kurasa kuhusu mjusi na kibao, na vituo vyote vingine vikapata mstari mmoja wenye majina yaliyokosewa. Kwa hiyo nawaombeni, vitu viwili kwa siku vinatosha. Wekeni saa kwenye jioni, wekeni hela ya choo kwenye bajeti, mwambieni kila mama kwamba pasipoti isikae ndani ya soksi. Na kama Berlin mtakwenda tena, mpelekeni mlezi kijana. Mimi nimeshamwandikia mkuu wa idara, na nimeambatanisha picha ya goti.